Ada Isiyorudishwa ya Lyndon Tapscott

Lyndon Tapscott aliiona riziki yake kwenye dirisha la duka la samaki na chipsi, hapo Colne, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, mvua ikimwagika. Ilikuwa imebandikwa kwa gundi: ukurasa wa mbele wa gazeti la mji, wenye habari kwamba Benki Kuu itakaa tena Alhamisi kuamua riba. Wanaume wawili waliomtangulia kwenye foleni waliisoma habari hiyo mpaka mwisho. Wa kwanza akaguna. Wa pili akasema mvua ya mwaka huu imezidi. Kisha wote wawili wakageukia bei ya samaki, na Lyndon akasahau kabisa kwamba alikuwa na njaa.

Hawa watu wanakufa kwa hofu, alijisemea, na hawaambiani.

Lyndon alikuwa na miaka arobaini na minne, koti la buluu la mtumba lililomkaa vizuri kuliko lilivyomkaa mwenyewe wa kwanza, na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alikuwa ametoka kusini, Basildon, kwa sababu ambazo watu wa Basildon wangependa sana kuzizungumza naye. Huko nyuma aliwahi kuuza tiketi za meli iliyokwisha kukatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Lakini mikopo ya nyumba hakuwa ameigusa, na sasa alijiuliza alikuwa wapi siku zote.

Maana wewe fikiria. Mwingereza wa Colne atakuonyesha kovu la upasuaji wa nyongo mbele ya mlango wa kanisa, na akuombe uliguse. Lakini muulize jirani yake wa ukuta mmoja, miaka thelathini wamesikilizana wakikohoa, kama anajua mwenzake analipa riba asilimia ngapi. Hajui, na hajawahi kuuliza, kwa sababu kuuliza ni aibu na kujibu ni aibu zaidi. Juu ya aibu hiyo Lyndon alijenga biashara yake.

Alichagua nyumba kumi na sita za Mtaa wa Bobbin, zote za mawe, zote zimebanana, zote zina mikopo. Mwanzoni mwa Agosti kila nyumba ilipata barua kwenye karatasi nzito ya rangi ya maziwa. Nyumba nane ziliambiwa kwamba Bwana L. Tapscott, mshauri wa mikopo, ana uhakika riba itapanda Alhamisi. Nane nyingine ziliambiwa kwamba Bwana huyohuyo ana uhakika haitapanda. Chini ya kila barua kulikuwa na mstari mmoja wa wino: "Kwa heshima, haya yabaki kati yetu."

Alhamisi saa sita mchana riba ikapanda. Lyndon akawasahau waliodanganywa, akawaandikia wale nane walioambiwa kweli: wanne itapanda, wanne haitapanda. Septemba haikupanda. Akabaki na wanne, akawagawa wawili wawili. Mwanzoni mwa Novemba haikupanda tena, na kukabaki nyumba mbili katika Mtaa wa Bobbin ambazo zilikuwa zimeshuhudia kwa macho yao Lyndon Tapscott akiitabiri Benki Kuu mara tatu mfululizo bila kukosea. Sijui manabii wa kale walifanyaje, lakini nadhani hawakutumia stempu nyingi hivyo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Wilf Haworth, dereva wa basi. Lyndon alimkuta jikoni peke yake, mkewe Norma yuko kazini, birika linachemka.

"Mkopo wako umebaki kiasi gani, Bwana Haworth?"

Wilf alitazama ukuta wa jirani kwanza. "Pauni elfu themanini na mbili," alinong'ona.

"Na riba yako isiyobadilika inakwisha lini?"

"Tarehe thelathini mwezi huu. Nimelipa asilimia moja na nusu miaka mitano, sikujua kama nilikuwa peponi. Baada ya hapo benki wananitupa kwenye riba yao ya kawaida, asilimia nane. Norma nimemwambia tutabana matumizi, lakini hatuna pa kubana, bwana. Ikifika hapo tunaiuza nyumba."

"Benki yako wamekupa nini?"

"Isiyobadilika, asilimia tano na kidogo, lakini wanataka ada ya kupanga mkopo, elfu moja na mia tano. Nimezipata. Nimefanya kazi Jumapili zote tangu Pasaka." Wilf aligusa kifua, na Lyndon akaona umbo la bahasha mfukoni mwa sare. "Wanayo pia ile nyingine ya kufuata, haina ada. Hiyo ndiyo siielewi vizuri."

"Riba ya kufuata inaandamana na Benki Kuu kama mbwa na bwana wake. Benki Kuu ikipanda, nawe unapanda mwezi huohuo. Ikishuka, unashuka. Ukiichukua lazima uwe na roho ngumu, au uwe na mtu anayejua bwana anaelekea wapi." Lyndon akanywa chai kidogo. "Mimi nimekuambia mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Nimekosea?"

"Hujakosea," Wilf alisema.

"Sasa nisikilize. Hiyo asilimia tano wanakunyonya. Kuna akiba ya mikopo ambayo haitangazwi, inaitwa viti. Mimi nimebakiwa na viti viwili. Asilimia moja nukta tisa, haibadiliki, miaka mitano. Ada ni hiyohiyo yako, elfu moja na mia tano, ila inalipwa kwangu na inalipwa leo. Makaratasi yanakuja baada ya wiki."

Wilf aliutazama tena ukuta wa jirani. Kisha akatoa bahasha ya kaki, yenye ratiba ya mabasi ya zamani upande wa nyuma, akaisukuma mezani. Lyndon alimwandikia stakabadhi kutoka kwenye kitabu chake, kitabu kizuri chenye jalada jeusi, na kila ukurasa ulikuwa umechapwa maneno haya: "Ada hii haibadiliki wala hairudishwi, hata iweje."

Nisimsingizie mtu. Lyndon alipofika mlangoni alisita kidogo, aliposikia Wilf nyuma yake akivuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Kisha akaikumbuka kodi ya chumba chake, akafungua mwavuli.

Nyumba ya pili ilikuwa saluni. Thelma Entwistle aliishi ghorofani na kusuka, kukata na kutia mawimbi nywele za mji mzima hapo chini. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, nywele zake mwenyewe zina rangi ya zambarau iliyopauka, na mkasi ulikuwa ukining'inia kiunoni mwake hata akienda kanisani. Lyndon alimpenda mara alipomwona, kwa sababu macho yake yalikuwa mapole na alikuwa na mashine mpya ya kahawa.

"Karibu, mpenzi," alisema Thelma. Msishtuke, wanawake wa Colne humwita mpenzi hata mtu anayekuja kusoma mita ya gesi. "Kaa hapo. Chai au kahawa?"

Lyndon aliangalia wanawake wawili waliokuwa wameketi chini ya zile kofia kubwa za kukaushia nywele, zikivuma, nyuso zao nyekundu kwa joto, magazeti mapajani.

"Mambo yetu ni ya siri kidogo, Bi Thelma. Hao wanasikia?"

"Hao? Wakiwa mle ndani hawasikii kitu kabisa, mpenzi. Hata Kiyama kipite."

Basi Lyndon akamwaga sera. Akaeleza viti. Kwa bahati mbaya vya miaka mitano vilikuwa vimekwisha, lakini kilikuwepo kimoja cha miaka miwili. Thelma alisikiliza huku akisafisha vitana.

"Mimi si msomi," alisema, "kwa hiyo nivumilie. Mkopo wangu umebaki elfu kumi na nane tu. Ukinishushia asilimia tatu, kwa mwaka umeniokolea mia tano na arobaini. Miaka miwili, elfu moja na themanini. Na ada yako ni elfu moja na mia tano. Sasa mbona kwa hesabu zangu za saluni nabaki nimepoteza mia nne na ishirini?"

Kijasho chembamba kilimtoka Lyndon, na hakikuwa cha zile kofia. Katika mipango yake yote hakufikiria kwamba mtu angeiweka ada na riba kwenye mizani moja.

"Hapo ndipo wengi wanapopotea, Bi Thelma," alisema kwa sauti ya daktari. "Mkopo mkubwa au mdogo, mwenye akili anatazama riba. Ada haitazami."

"Haitazami?"

"Anafumba macho, analipa."

"Ngoja niandike hiyo." Na kweli akaiandika, nyuma ya kadi ya miadi, akaichomeka pembeni ya kioo. "Shida ni moja. Elfu moja na mia tano mimi leo sina. Lakini nina watu."

"Watu gani?"

"Tisa. Riba zao zisizobadilika zote zinakwisha kabla ya Krismasi. Wamekaa kwenye kiti hichohicho ulichokalia wakanililia. Jumatatu huwa nafunga. Njoo saa saba mchana, nakuletea wote tisa humu ndani, kila mmoja na pesa yake taslimu. Ila ulisema una kiti kimoja."

"Naweza kuwaomba wakubwa viti vya ziada."

"Nilijua utaweza," alisema Thelma. "Sasa, na mimi nina ada yangu ya kupanga. Si nimekupangia watu? Nina namna mbili, uchague. Ya kwanza haibadiliki: elfu moja na mia tano, unanipa leo, yamekwisha. Ya pili ni ya kufuata: leo hunipi hata senti, ila Jumatatu unanipa moja ya tano ya utakachokusanya. Kikipanda, nami napanda. Kikishuka, nashuka."

Lyndon hakuhitaji kalamu. Watu tisa mara elfu moja na mia tano ni elfu kumi na tatu na mia tano. Moja ya tano yake ni elfu mbili na mia saba. Huyu mama alitaka kumnyofoa elfu moja na mia mbili zaidi, tena kwa macho mapole namna ile.

"Nachukua isiyobadilika," alisema.

"Una hakika? Mimi ningekuwa wewe ningechukua ya kufuata."

"Bila shaka ungependa niichukue, Bi Thelma." Lyndon alicheka, akamtishia kwa kidole kama mwalimu mwenye huruma. Mtu aliyetoka kuhubiri sasa hivi kwamba ada haitazamwi, siku hiyo hakutazama kingine.

Alitia mkono mfukoni akatoa bahasha ya kaki. Hakuwa ameifungua bado. Siku tatu alikuwa akiipapasa tu, kwa raha yake. Thelma aliipokea, akaigeuza, akaiangalia ile ratiba ya mabasi kwa muda mrefu kidogo kuliko ratiba ya mabasi inavyostahili.

"Niandikie na stakabadhi, mpenzi, tusije tukasahauliana. Mimi mambo ya kirasmi siyawezi. Huna kitabu?"

Lyndon alikuwa na kitabu. Aliandika kiasi, tarehe, na kwamba fedha imelipwa kwa Bi T. Entwistle na Bwana L. Tapscott, akatia sahihi kwa mbwembwe. Thelma naye akatia yake. Walipeana mkono, na mmoja wa wale wanawake chini ya kofia akapaza sauti bila sababu yoyote: "MIMI NAONA ANA MENO MAZURI!"

Lyndon alitabasamu hadi kituo cha basi.

Jumatatu alivaa tai ya hariri, akabeba mkoba mtupu wa ngozi, na kwenye pochi akaacha noti moja ya pauni tano ili mkoba usipate mpinzani. Aligonga kengele saa saba kamili. Mlango ukafunguliwa, akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake na Gordon Duxbury, muuza nyama, mtu ambaye akisimama mlangoni mlango hauonekani.

Watu hawakuwa tisa. Walikuwa zaidi ya ishirini, wamejipanga kimya ukutani na juu ya viti, wanne wamekaa chini ya kofia zilizozimwa. Na katikati ya saluni, kutoka kona hadi kona, ilikuwa imefungwa kamba. Juu ya kamba kulikuwa na barua za rangi ya maziwa, zimebanwa kwa vibanio vya nywele: nane za Agosti upande wa kulia, itapanda, nane upande wa kushoto, haitapanda. Chini yake kamba ya pili, nne kwa nne. Chini yake ya tatu, mbili kwa mbili. Ilikuwa kazi nadhifu sana. Hata Lyndon, ambaye hakuwahi kuiona kazi yake yote kwa pamoja, aliitazama kwa kitambo.

"Maziwa kwenye chai?" mtu aliuliza. Uingereza huwezi kumfikisha mtu kwenye aibu yake bila kumpa kikombe.

"Kidogo," alisema Lyndon.

"Haya, Bwana Tapscott," alisema Thelma. "Watu hawa hapa. Kusanya."

"Naona kuna... Bi Thelma, wewe uliniambia wale hawasikii."

"Na hawasikii. Ndiyo maana wanapiga kelele. Uliniuliza kama wanasikia, hukuniuliza kama wanasema." Thelma alimwelekezea mkasi mwanamke mnene aliyekaa chini ya kofia ya kwanza. "Huyu ni Norma Haworth. Mwezi wa nane alikuwa hapo anakauka, akamwambia mwenziwe wa kofia ya pili, kwa sauti waliyoisikia mpaka kwa Duxbury, kwamba kuna bwana amemwandikia riba itapanda."

"Mimi nilidhani nanong'ona," alisema Norma.

"Na wa kofia ya pili akajibu, kwa sauti hiyohiyo, kwamba yeye ameandikiwa haitapanda, na sahihi ni ya mtu huyohuyo. Mimi nikaacha kusuka. Tangu siku hiyo kila mwenye kichwa katika mtaa huu namwambia aje na barua, namwoshea bure. Nilikuwa nakungoja tu uniletee kile kiti."

"Tatizo ni Wilf alikutangulia," aliendelea, na hapo sauti yake ikakaza. "Mwanamume haji kukauka hapa, kwa hiyo hakusikia, na Norma naye aliona haya kumtajia mambo ya mkopo. Alikupa pesa ya kuokoa nyumba yake, akaona haya hata kumwambia mkewe. Norma ameikuta stakabadhi kwenye mfuko wa sare alipotaka kuifua. Amelia usiku kucha, wewe unajua?"

Wilf alikuwa amesimama karibu na sinki, amevaa sare, maana zamu yake ilianza saa nane. Alishika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, haijafunguliwa bado.

Lyndon alikuwa mwizi lakini si mjinga. Aliona bahasha, akaona muuza nyama, akajaribu mlango mmoja uliobaki.

"Mabibi na mabwana, kama huduma yangu haihitajiki, sitalazimisha mtu. Lakini Bi Thelma aliniahidi watu tisa wenye fedha. Hakunipa. Basi kwa haki tu, anirudishie ada yangu."

Saluni nzima ilimgeukia Thelma. Thelma alichomoa ile stakabadhi ya Lyndon pembeni ya kioo akampa Wilf, na Wilf akaisoma kwa ile sauti anayotajia vituo.

"Ada hii haibadiliki wala hairudishwi, hata iweje."

"Mwandiko wa nani?" aliuliza Thelma.

"Imechapwa. Lakini sahihi ni yake."

"Na kuna hii nyingine." Alichomoa kadi ya miadi. "'Mwenye akili hatazami ada. Anafumba macho, analipa.' Hii nitaiwekea fremu." Akamsogelea Lyndon, akamnyoosha kola ya koti kama mama anayempeleka mtoto shule. "Halafu mimi nilikwambia uchukue ya kufuata, mpenzi. Nilikwambia kabisa, ukanicheka. Hebu nipigie hesabu, wewe msomi. Umekusanya ngapi leo?"

Lyndon aliutazama mkoba wake.

"Moja ya tano ya hiyo ni ngapi?"

Hakuna aliyecheka mara moja. Walimpa nafasi ya kujibu, kwa adabu. Kisha Norma akaanza, mabega kwanza, na saluni yote ikafuata mpaka vibanio vikatikisika kwenye kamba.

Duxbury alisogea kando ya mlango nusu hatua. Alimweleza Lyndon, bila hasira, kwamba picha yake wanayo, kwamba barua zote zinapelekwa polisi saa tisa, na kwamba mtu mwenye miguu mizima anaweza kuwahi basi la saa nane na dakika kumi. Lyndon alimaliza chai yake, kwa sababu hata yeye alilelewa, akatoka.

Wilf alitoka kabla yake. Alisimama kwenye veranda ya duka la samaki akapiga simu benki, akasikiliza muziki wao dakika kumi na tano nzima, kisha akasema ndiyo, isiyobadilika, miaka mitano, na ada ninayo, naweza kuilipa leo. Aliposema hivyo ilibidi ageukie ukuta kidogo.

Mvua ilianza tena. Lyndon alisimama kituoni, tai yake imelowa, mpaka basi likaja na mlango ukafunguka. Alipanda, akainua macho. Kwenye usukani alikaa Wilf Haworth, kofia imenyooka.

"Burnley," alisema Lyndon polepole. "Au mbali zaidi, kama linafika."

"Burnley au mwisho wa njia, ni pauni mbili tu," alisema Wilf. "Haibadiliki."

Lyndon alitoa noti yake ya pauni tano. Wilf aliipokea, akahesabu chenji kwa uangalifu, pauni tatu kamili, akaziweka kwenye kisahani, kisha akachana tiketi na kuigeuza ili abiria asome maandishi madogo ya nyuma, ambayo kampuni ya mabasi iliyachapa miaka mingi kabla ya Lyndon Tapscott kufika Colne.

"Hairudishwi," alisema Wilf. "Kaa, bwana, tunaondoka."